Inuka, Ule

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni 1 Wafalme 19:1–8, lakini naomba muanzie nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 18. Tukisoma habari za nabii Eliya chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, huwa tunasahau kwamba mtu huyu alikuwa ametoka mbioni. Mlima Karmeli uko ukingoni mwa bahari. Ndiyo maana mtumishi wake aliambiwa apande akatazame upande wa bahari, mara saba, mpaka akakiona kile kiwingu kidogo. Mvua ilipokaribia, Eliya alijifunga viuno akatimua mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Hapo ni zaidi ya kilomita 25, kwanza mteremko wa mlima, kisha bonde. Mara Yezebeli, mke wa Ahabu, anamtumia ujumbe wa kifo, naye anashika njia ya kusini hadi Beer-sheba, si chini ya kilomita 150 nyingine. Anamwacha mtumishi wake huko na kuingia jangwani peke yake, mwendo wa siku moja. Hapo ndipo anasema yatosha, roho yake iondolewe.

Dada yetu mmoja wa ushirika huu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wengi wenu mmesikia sauti alizotuma kwenye kundi letu. Kila Januari kuna mbio huko zinaitwa Arc of Attrition, maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kwenye njia ya miguu inayofuata pwani, na mkimbiaji anapewa saa 36 tu awe amemaliza. Majirani zake wa kanisani walimwomba akasaidie usiku kwenye kituo kimoja cha chakula. (Wenyewe huko wasaidizi hao huwaita malaika, kwa utani. Sikulitunga hilo mimi.)

Njia yenyewe ina historia yake. Ilikanyagwa zamani na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwawinda watu wa magendo. Mlinzi alitakiwa aone ndani ya kila ghuba, kwa hiyo njia haikati moja kwa moja: inashuka hadi ufukweni, inapanda jabali, inashuka tena. Njia nzima ya pwani ile ina kilomita 1,014, na ukijumlisha milima yake yote unapata zaidi ya mita 35,000 za kupanda. Hiyo ni karibu mara saba ya Margherita, kilele cha Rwenzori yetu hapa Uganda. Watalii huenda kwa ajili ya mandhari, na dada anasema kweli ni pazuri mno. Lakini anayekimbia usiku wa Januari haoni bahari. Anaisikia tu chini yake, na mbele anaona duara la mwanga wa taa iliyofungwa kichwani.

Watu walikuwa wakiingia kituoni saa tisa usiku, midomo imekauka, vidole haviwezi hata kufungua zipu. Yeye kazi yake ilikuwa supu na chai. Kilichomshangaza ni kwamba msimamizi wa kituo hakuwahofia sana waliolalamika. Aliowahofia ni wale walioingia wakasema, "Siko na njaa, naendelea."

Wanaojua mbio hizi watakueleza sababu. Akiba ya wanga mwilini, mtu akikimbia kwa bidii, huisha ndani ya saa chache tu. Damu nayo hukimbilia miguuni, tumbo linabaki na kidogo, na hatimaye linagoma kabisa. Ukingoja njaa ikuambie ule, umeshachelewa. Ndiyo maana wanakula kidogo kidogo tangu mwanzo, wakiwa bado wana nguvu, hata chakula kikiwa hakina ladha kinywani. Na maji matupu hayatoshi. Ukijijaza maji bila chumvi unaweza kuanguka vibaya kuliko mwenye kiu.

Jambo la pili alilolisema dada lilinifanya nirudie kusikiliza. Kwenye milima mikali hawakimbii. Hata walio mbele kabisa wanatembea, mikono imekandamiza magoti. Na si mlima unaowaumiza zaidi, ni mteremko. Kushuka ndiko kunakochana misuli ya mapaja, na maumivu yake yanakuja baadaye.

Nikamfikiria Eliya. Kule juu Karmeli, akiwa mmoja mbele ya manabii wa Baali 450, hakutetemeka. Alivunjika baada ya kushuka, kazi ikiwa imefanikiwa na mvua imenyesha. Nadhani tumekuwa wakali mno tunapomhubiri. Tunasema imani yake ilipungua, alimwogopa mwanamke. Labda. Lakini Biblia inaonyesha jinsi Mungu alivyomtendea, na hakumtendea kama mtu mwenye upungufu wa imani. Alimtendea kama mtu aliyechoka na mwenye njaa.

Angalieni mpangilio wake. Malaika anamgusa, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, halafu analala tena. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya hiyo "analala tena", na nimesikia mahubiri mengi. Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mimi ningetegemea malaika aseme kinyume chake. Angesema wewe ni mshindi, wewe ni kichwa na si mkia, utaweza! Badala yake anakubaliana na Eliya kwamba safari imemzidi, na kwa sababu hiyo anampa chakula. Lile swali gumu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja huko mlima Horebu, baada ya siku arobaini.

Bwana wetu alifanya vivyo hivyo ufukweni mwa bahari ya Tiberia. Waliofanya kazi mwaloni Ggaba au Katosi, kwenye Ziwa Viktoria, wanajua usiku mzima bila samaki unavyomwacha mtu. Petro alifika pwani akiwa amelowa, na deni la kumkana Bwana mara tatu bado liko kifuani. Makaa yalikuwa tayari, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa." Walipokwisha kula, ndipo akaulizwa kama anampenda.

Hata hivyo tusiende Uingereza kutafuta watu wa mwendo mrefu. Kila mwaka kuelekea Juni 3 barabara zetu zinajaa mahujaji wa Namugongo, karibu na Kampala, wanaokwenda kuwakumbuka mashahidi wa imani waliochomwa moto hapo mwaka 1886. Kuna wanaotembea kutoka Kabale, zaidi ya kilomita 400, kupitia milima ya Kigezi mpaka barabara ya Masaka na tambarare za Lwera kando ya Ziwa Viktoria. Wengine wanatoka Kenya na Tanzania. Sisi wa madhehebu mengine tumezoea kuwatazama kupitia dirisha la taksi, na najua wako humu wanaotaka kubishana juu ya hija. Hilo tuliache kwa leo. Mimi huwatazama wale wasiotembea. Mama anayetoa jagi la maji mlangoni kwake. Parokia inayofungua jengo lake ili watu wageni walale sakafuni. Mtoto anayeshika beseni la kuoshea miguu yenye malengelenge. Hao hawatahesabiwa kama mahujaji, lakini ondoa hao uone ni wangapi watafika.

Ushirika wetu una nguvu kwenye kushangilia. Nawapenda kwa hilo. Lakini mnakumbuka Kololo, Kampala, Machi 26, 2017, mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei akiongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wake mwenyewe? Uwanja mzima ulikuwa unamwita jina. Mzunguko wa mwisho miguu ikamkatalia, akamaliza wa 30. Kelele zetu zote hazikuweza kumwongezea hata hatua moja. (Mwaka 2019 huko Aarhus alishinda mbio hizo hizo, na Mungu ashukuriwe.)

Kuna watu kati yetu ambao njia yao ni ya namna ile ya Cornwall, kila wakimaliza kupanda wanakuta bonde lingine. Anayemuuguza mume aliyepooza, mwaka baada ya mwaka. Anayelea wajukuu wanne peke yake kwa kuuza nyanya. Tunawapelekea mistari, na mistari ni mizuri. Ni nani amewapelekea sufuria? Ni nani amesema, "Mama, leo nalala mimi kwa mgonjwa, wewe nenda kwangu ukalale"? Na waombaji wetu tunawapanga mkesha juu ya mkesha, mfungo juu ya mfungo, na mmoja akithubutu kusema amechoka tunaikemea roho ya uchovu. Ndugu zangu, uchovu mwingine hauna pepo. Unataka ugali.

Wako pia wale wa "siko na njaa". Hasa sisi wanaume, na hasa wazee wa kanisa. Mtu anapoteza kazi, miezi inapita, na Jumapili anatabasamu mlangoni akigawa vitabu vya nyimbo. Ukimuuliza anasema Mungu ni mwema. Ni mwema, ndiyo, na pengine mkate aliouoka kwa ajili yako umeukabidhi kwa jirani yako, naye anaogopa kukuletea kwa sababu umejifanya umeshiba. Eliya alikuwa nabii mkuu, na alipoambiwa ale, alikula.

Ijumaa tuna mkesha kama kawaida. Nimezungumza na akina mama wa jikoni na wazee wamekubali, mmoja wao kwa shingo upande: saa nane usiku maombi yatasimama kwa muda, kutakuwa na uji wa wimbi na chapati. Walio kwenye mfungo wasilazimishwe. Upande wa nyuma tutatandika mikeka kwa atakayetaka kujinyoosha, na atakayelala asiamshwe kwa makofi wala kwa kunyunyiziwa maji. Sukari bado haitoshi, na tunahitaji mkaa gunia moja. Mwenye nacho amwone kiongozi wa jikoni kabla ya Alhamisi jioni.