Sauti ya kunong'ona

Jana usiku umeme ulikatika, nikajilaza na simu kifuani kumsikiliza Whispering Jack Smith, mwimbaji Mmarekani wa New York. Rekodi ya 1927, jamani! Hapazi sauti hata kidogo. Ananong'ona, mara anaongea tu, huku akijipigia piano mwenyewe. Inasemekana gesi ya sumu ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndiyo iliyomharibia mapafu. Ukumbini bila kipaza sauti, nani wa safu ya nyuma angemsikia? Redio na maikrofoni ndizo zilizombeba, hadi Uingereza wakampenda. Kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kiitikio, nikageuka nikidhani kuna mtu chumbani. Mke wangu akauliza, "Wewe, gizani humo unamtafuta nani?"