Tangi la mita 70: mtihani wangu ulivyovuja na nilivyoziba tundu

Nilijua mtihani umevuja nikiwa katikati ya kusahihisha. Swali la 7 lilikuwa la kuwapa watoto maksi za bure: tangi la maji la umbo la silinda, nusukipenyo mita 7, kimo mita 10, tafuta ujazo. Ukitumia 22 juu ya 7 unapata mita za ujazo 1,540. Mwanafunzi wa kwanza kuandika 154,000 nilimkosesha nikaendelea. Wa pili nikakuna kichwa. Wa tatu kazi yake ilikuwa safi, hatua zote zimepangwa, ila pale penye 7 kaweka 70. Nikachukua karatasi ya maswali nikaangalia tena: imeandikwa 7. Hadi namaliza Kidato cha Nne chote, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamekokotoa ujazo wa tangi lenye upana wa mita 140, tangi ambalo lingemeza uwanja wa mpira na magoli yake.

Hiyo 70 niliifahamu, kwa sababu niliichapa mimi.

Mashine ya kudurufu ya shule ilikuwa imekufa, kwa hiyo Jumanne jioni nilipeleka flashi steshenari karibu na stendi, nikatoa nakala moja ya kuhakiki. Usiku, mezani kwangu, nikaona kosa. Nikalirekebisha kwenye laptop, nikahifadhi juu ya faili lile lile, asubuhi nikarudi kutoa nakala za darasa zima. Waliokariri 70 waliona toleo ambalo, kwa hesabu yangu, lilikuwa limeshafutika duniani.

Ningetulia dakika kumi ningepata jibu siku ile ile. Badala yake nilikimbilia ofisi ya walimu, na kabla sijamaliza kueleza, mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshataja jina. Kila shule ina kijana mmoja anayezifahamu kompyuta kuliko walimu wake. Wetu ndiye tuliyekuwa tunamwita projekta ikigoma, na ndiye tuliyemshuku kitu kikipotea. Kwamba yeye mwenyewe aliandika 1,540 haikumsaidia. Wakasema huyo ni mjanja, kawapa wenzake kaficha nyayo zake.

Akaitwa. Akasimama mikono nyuma, akaulizwa kama amewahi kuingia kwenye kompyuta ya ofisi.

"Ndiyo, Madam," akamjibu mkuu wa shule. "Mara mbili. Nilipakua filamu."

"Nywila ulipewa na nani?"

"Imebandikwa kwenye skrini, Madam."

Sote tukageuka kutazama. Karatasi ya manjano, selotepu, jina la shule likifuatiwa na 123. Ilikuwa pale muda mrefu kiasi kwamba macho yetu yalikuwa yameacha kuiona. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na maksi za shule nzima na namba za simu za wazazi wote, na Windows 7 yake ilikuwa haijapata masasisho tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Januari 2020.

Mtihani wangu, hata hivyo, haukuwahi kuguswa na kompyuta hiyo. Niliuchapa nyumbani. Jambo hili lilinijia usiku, nikiwa nimeshamwacha mtoto wa watu asimamishwe mbele ya kamati kwa kosa la filamu mbili huku sote tukimtazama kama mwizi wa mtihani.

Kesho yake nikaenda steshenari. Kijana wa pale akanipokea kwa uchangamfu, nikamwomba anioneshe faili langu la Jumanne. Hakuhangaika kulitafuta. Lilikuwa juu kabisa kwenye skrini ya mwanzo, MATHS F4 FINAL, limebanwa kati ya barua za maombi ya kazi, mkataba wa kupangisha nyumba na picha za vitambulisho vya NIDA vya watu nisiowajua. Nikalifungua. Swali la 7: mita 70.

"Ticha, flashi za watu zina virusi," akanieleza. "Nakopi kwanza huku ndiyo naprinti, la sivyo inagoma. Huwa nafuta mwisho wa mwezi."

Sikuweza hata kumkasirikia. Wanafunzi wetu hupiga picha za pasipoti pale pale, na mwenye simu hahitaji zaidi ya nusu dakika. Aliyepiga picha sikumtafuta. Ningemwambia nini, kwamba hakupaswa kuona kitu nilichokianika mwenyewe?

Nilitunga mtihani mpya. Halafu Jumatatu, mstarini, nikamwomba radhi yule kijana mbele ya shule nzima. Baadhi ya wenzangu hawakupenda, wakasema nimeshusha hadhi ya walimu. Labda. Ila alishutumiwa na kutangazwa bila siri, na sikuona ni vipi ningemsafisha kwa kunong'ona.

Kuhusu kuziba tundu, upande wa mitambo ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Word ina sehemu ya kufunga faili kwa nywila, ipo hapo miaka yote na sikuwahi kuigusa. Faili likibaki kwa mtu, linabaki limefungwa. Tahadhari moja tu: ukiisahau nywila umepoteza kazi yako, hata Microsoft hawakufungulii. Steshenari sasa nasimama nyuma ya kijana hadi mwisho, nafuta mwenyewe kwa Shift na Delete pamoja ili faili lisipitie kwenye pipa la taka, na flashi ya mitihani haina kazi nyingine wala haiazimwi. Mashine ya shule nayo ilipata fundi, baada ya kelele nyingi.

Ugumu ulikuwa kwa watu. Nilipofungua akaunti ya kila mwalimu kwenye kompyuta ya ofisi, kila mmoja na nywila yake, hewa ilibadilika. Kwetu kumnyima mwenzako nywila ni kama kumnyima chumvi. "Unaficha nini?" niliulizwa, nusu utani. Mzee wetu wa Jiografia, ambaye namheshimu kama baba, alikuja na swali la maana zaidi: "Mwanangu, nikilazwa wiki ya kujaza maksi, nani atajaza?" Sikuwa na jibu siku hiyo. Tulilipata wiki iliyofuata: kila mtu anaandika nywila yake kwenye bahasha, anaigundi, anasaini juu ya gundi, na Madam anaifungia kabatini. Ikifunguliwa, sote tutaona. Mzee akawa wa kwanza kuleta ya kwake.

Kwa wanafunzi nilianza vibaya. Nilibandika ukutani kanuni kumi na nne kwa Kiingereza, hakuna aliyezisoma. Nikajaribu sheria: nikawasomea kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na kwamba adhabu yake ni faini au kifungo. Walinyamaza, lakini ule ulikuwa ukimya wa kuogopa tu. Kisha yule kijana wa filamu akanyoosha mkono.

"Lakini Mwalimu, kama nywila imebandikwa, si wamekubali tuingie?"

Nikalirusha swali darasani. Msichana mmoja wa nyuma akajibu bila hata kusimama: "Kwenu mlango ukiwa wazi, mgeni anaingia bila hodi?" Darasa likaangua kicheko, na nikaona limeingia. Mjadala ulichukua kipindi kizima. Je, simu ya rafiki iliyoachwa bila kufungwa? Hodi. Picha ya mwenzako aliyokutumia wewe tu, ukaipeleka kwenye kundi? Hapo walibishana sana, na wavulana walishindwa vibaya. Kanuni kumi na nne nilizibandua. Ukutani sasa kuna neno HODI kwa herufi kubwa, limechorwa na wao, pamoja na mlango uliopinda kidogo.

Yule kijana ndiye msaidizi wangu wa chumba cha kompyuta, ana akaunti yake na mipaka yake. Alininong'oneza kwamba mwalimu mmoja, simtaji, ametumia tarehe yake ya kuzaliwa. Nilimuuliza kajuaje. Akasema alimsikia akiitamka kwa sauti wakati anachapa.

Mzee wa Jiografia yeye ameenda mbali zaidi. Nikianza kuandika nywila akiwa karibu, anageukia dirishani na kuhesabu mbuzi wa jirani kwa sauti. Juzi alifika kumi na nne, akauliza kama nimemaliza.