Rezista Isomwe Kuanzia Upande Gani?

Rezista ni kifaa kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme, na kiasi inachozuia, yaani ukinzani wake, huandikwa juu yake kwa mistari ya rangi. Anayeanza kujifunza elektroniki hukariri kwanza rangi hizo na tarakimu zake: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Orodha hii haisumbui, kwani kuanzia nyekundu hadi zambarau imefuata mpangilio wa upinde wa mvua. Ninachoona hakitiliwi mkazo wa kutosha ni upande wa kuanzia kusoma.

Kwenye rezista ya mistari minne, miwili ya mwanzo ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza, na wa nne hueleza ni kwa kiasi gani ukinzani halisi unaruhusiwa kupungua au kuzidi thamani iliyoandikwa. Manjano, zambarau, nyekundu na dhahabu ni 47 na sifuri mbili, yaani omu 4,700, omu ikiwa ndiyo kizio cha ukinzani. Na kwa kuwa dhahabu ni asilimia 5, rezista itakayopimwa ikaonyesha omu 4,465 au 4,935 bado ni nzima. Fedha ni asilimia 10. Rangi hizi mbili hazisimamii tarakimu yoyote, kwa hiyo haziwezi kuwa mwanzo, na msomaji hapotei.

Kupotea huanza kwenye mistari mitano, ambapo tarakimu ni tatu na mstari wa mwisho mara nyingi ni kahawia, yaani asilimia 1, rangi ambayo pia ni tarakimu halali. Chukua kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia: ni 100 na sifuri mbili, omu 10,000. Igeuze, nayo inasomeka kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, ambayo ni omu 120 tu. Thamani zote mbili hutengenezwa na hutumika kila siku, hivyo akili peke yake haiwezi kuikataa hata moja. Ingekuwa manjano, zambarau, nyeusi, kahawia, kahawia, kuigeuza kungeleta omu bilioni 1.1, na hapo mtu angeshtuka mwenyewe.

Kwa kawaida mstari wa mwisho huachwa mbali kidogo na mingine au huwa mpana zaidi, lakini kwenye rezista ndogo nafasi hiyo haionekani vizuri. Ndiyo maana nashikilia kwamba rezista ya mistari mitano ipimwe kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme na ukinzani, kabla ya kulehemiwa. Ikiwa tayari iko kwenye saketi, zima umeme na inua mguu wake mmoja, kwa sababu vifaa vilivyounganishwa sambamba nayo hupitisha mkondo wa kipimo na kuonyesha ukinzani mdogo kuliko ulivyo. Iliyoungua haifai kuaminiwa kwa rangi wala kwa kipimo: joto hugeuza nyekundu kuwa kama kahawia na huharibu ukinzani wenyewe, kwa hiyo thamani yake itafutwe kwenye mchoro wa saketi.