Koki kavu sokoni Majengo

Nimetoka soko la Majengo hapa Dodoma sasa hivi, roho bado inaniuma.

Gari la matangazo ya Corona lilikuwa linapita: vaeni barakoa, naweni kwa maji tiririka, nendeni mkachanje. Sawa. Mimi chanjo naiamini, na Julai 28 mwaka huu wa 2021 nilipomwona Rais Samia anachanjwa hadharani nilifarijika sana.

Bibi mmoja muuza zabibu akainuka, akaiendea ndoo ya kunawia. Akafungua koki.

Kavu.

Kipande cha sabuni kimepasukapasuka kwa jua, na buibui kashatanda utando kwenye mdomo wa koki.

Akanigeukia: "Mjukuu wangu, mwaka jana tuliambiwa tujifukize, tena tukaambiwa Corona imeisha. Leo tuchanje. Tushike lipi?"

Nikabaki na "pole, bibi" tu.

Ana haki ya kukasirika! Akikosa kuuza siku moja, jikoni hapawaki moto. Mtu mzima anastahili kuelezwa kwa nini maneno yamebadilika, siyo kutangaziwa kwa kipaza sauti na gari likaondoka.

Wa Chang'ombe, Kizota, Nkuhungu, ndoo za huko zina maji? Na wazee wenu wanasemaje kuhusu chanjo? Niambieni jamani.