Baraka za babu zilizomezwa na jenereta

Kamera yangu ni Canon 550D ya mtumba. Ilitoka kiwandani mwaka 2010 au baada ya hapo kidogo. Raba ya pale pa kushikia ilishabanduka, nikaigandisha kwa gundi ya viatu. Vijana wa studio za Mwanga, hapa Kigoma, wakiiona lazima waulize, "Dada, hiyo bado inapiga?" Inapiga. Tena nyumba niliyopanga inalipiwa kodi na hiyo hiyo.

Ila mwaka wa kwanza iliniaibisha, na aibu yenyewe ilikuwa ya sauti. Nilikuwa Ujiji kwenye send-off, umeme umekatika tangu saa kumi, jenereta inanguruma nyuma ya jiko. Ikafika zamu ya babu wa binti kutoa nasaha. Mzee wa watu hana papara: anasema maneno matatu, ananyamaza, anameza mate, anamtazama mjukuu wake, halafu anaendelea. Mimi nimepiga goti mbele yake na kimaiki changu juu ya kamera, najiona nimemaliza kazi.

Usiku nafungua laptopu, nasikia hivi: "Mjukuu wangu..." NGURRRR "...huko uendako..." NGURRRR. Kila babu akinyamaza, jenereta inapanda hadi inajaza spika. Akianza tena kusema, neno la kwanza limekatwa kichwa. Shangazi wa bibi harusi alinipigia siku tatu baadaye: "Mwanangu, hivi babu alisema nini pale?" Nilikosa la kumjibu. Nikarudisha elfu hamsini ya watu.

Sababu nilikuja kuijua baadaye. Kamera hii, kama ilivyotoka kiwandani, inajipangia sauti yenyewe. Ikisikia kelele inashusha, pakiwa kimya inapandisha, inasaka chochote cha kurekodi. Na tundu la maiki ipo nalo, lakini humo kwenye menyu hakuna pa kuiambia "tulia, sauti napanga mimi". Kwa mshereheshaji anayepayuka mfululizo huwezi kugundua tatizo. Mzee anayepumua kati ya maneno ndiye anayeumbuka.

Jibu lilikuwa Magic Lantern. Ni programu ya bure iliyoanzishwa na Trammell Hudson mwaka 2009 kwa ajili ya Canon 5D Mark II, na moja ya mambo ya kwanza aliyoyashughulikia ni hilo hilo la sauti. Mwaka uliofuata ikafikishwa na kwenye 550D. Haitoki kwa Canon, na wala haiifuti femwea, yaani ile programu ya ndani inayoiendesha kamera. Inakaa kwenye memori kadi. Ukiwasha, kamera inaisoma kutoka kwenye kadi na kuiendesha sambamba na ile ya kwake. Ndani ya kamera kinachobadilika ni alama moja tu, inayoiambia itazame kwanza kwenye kadi kama kuna kitu cha kuwasha.

Fundi wangu alinikataza. "Utaichoma hiyo, halafu uniletee mimi." Nikakaa na woga wiki mbili. Mwishowe nikajiambia, kamera ya mtumba waranti yake nani aliwahi kuiona? Nikachaji betri ikajaa, nikafomati kadi ndani ya kamera yenyewe, nikahakikisha femwea ni 1.0.9 kwa sababu toleo la programu lazima lilingane na la kamera, nikanakili mafaili, nikazungusha kitufe cha juu hadi M, nikaingia pale pa kusasisha femwea. Kioo kikawa cha kijani na maandishi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, moyo unadunda kama nimemeza simu. Ikaniambia nizime na kuwasha. Nikawasha. Juu ya kioo vikatokea vijimstari viwili vinavyocheza kila nikikohoa.

Vile vijimstari ndiyo sauti. Nilikohoa kama mwehu usiku ule.

Sasa nabonyeza kitufe chenye alama ya pipa la taka, menyu inafunguka, nazima ile tabia ya kamera kujipangia, naweka kiwango mwenyewe. Natafuta vijimstari vicheze karibu na desibeli -12, visiguse sifuri, maana hapo sauti inapasuka. Na kwa kuwa 550D haina tundu la hedifoni, programu hii inaruhusu sauti itoke kwenye lile tundu la waya wa televisheni, kwa hiyo kwa waya wa kuungaunga nasikia ninachorekodi. Jenereta bado ipo, usinielewe vibaya. Ila inabaki palepale ilipo, haimrukii mzee. Na maiki siku hizi siiweki juu ya kamera, naipeleka kifuani kwa msemaji. Hilo hakuna programu itakayokufanyia.

Vingine nilivijua taratibu. Kuna mistari ya mshazari inayotokea mahali palipozidi mwanga, wenyewe wanaiita pundamilia. Niliielewa thamani yake Kibirizi. Nilikwenda usiku usio na mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, taa zao hazivuti kitu. Mitumbwi inasukumwa majini, taa zinawashwa moja moja, watu ni weusi tii na taa ni jeupe la kuumiza macho. Zamani ningefungua mwanga hadi nyuso zionekane, na taa ingegeuka tundu jeupe kwenye picha. Safari hii nilishusha hadi pundamilia wakabaki kwenye glasi ya taa tu. Nyuso zikabaki nusu gizani, na ndivyo zilivyo kweli saa ile.

Kijana mmoja akanisogelea, mikono imelowa. "Dada, hiyo inatuona kweli na giza hili?" Nikamwonyesha mikono yake kwenye kioo, imezungukwa na vidoti vya rangi. Vidoti hivyo hukaa kwenye kingo za kitu kilichoshika fokasi, yaani kinachoonekana bila ukungu. Lenzi yangu ni ya milimita 50, ikifunguliwa yote sehemu inayoshika fokasi ni nyembamba kama unyasi, na kioo cha kamera ni kidogo, halafu macho yangu nayo si ya jana. Akaanza kusogeza mkono mbele na nyuma kuona vidoti vinapotea na kurudi. Tukakaa tunacheza hivyo hadi mwenye chombo akafoka kwamba ziwa haliwasubiri.

Jina lenyewe, Magic Lantern, maana yake taa ya mazingaombwe. Kwa mtu wa Kigoma, aliyekua akizitazama taa za ziwani usiku akidhani ni mji mwingine, halihitaji maelezo.

Na lile jua letu linalozama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja, nalipiga kwa kipima muda cha humo humo: picha moja kila sekunde tano. Saa moja inatoa picha 720, na kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde unapata video isiyofika nusu dakika. Usifanye kila siku. Shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila picha, ina umri wake.

Kuna vijana wananiuliza kuhusu video ghafi, yaani isiyobanwa na kamera, ile iliyowezekana kwa Magic Lantern kuanzia mwaka 2013. Kwenye kamera yangu sahauni. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye biti 14 ni kama megabaiti 3.6. Zidisha kwa 25, ni 90 kila sekunde. Njia ya kadi kwenye 550D inapitisha kama 20. Mwenye 5D Mark III na kadi ya CF yenye kasi anaweza, ajiandae tu kununua diski. Mimi narekodi ya kawaida, inayokatika faili likifika gigabaiti 4, kama dakika 12. Programu inaweza kuanzisha tena yenyewe, ila sekunde chache zinapotea katikati, kwa hiyo kwenye kiapo nakata mwenyewe mapema wakati kwaya inaimba.

Hasara? Nimeipata moja, na ya kujitakia. Mtoto wa dada yangu alinisaidia "kusafisha" kadi kwenye laptopu, akafuta kila kitu. Kadi nayo ina alama yake ya kuwashia; ikabaki na alama hiyo lakini haina cha kuwasha. Nikafika ukumbini Gungu, nawasha kamera, kimya. Kioo cheusi, hakuna kitufe kinachojibu, na maharusi ndiyo hao wanashuka kwenye gari. Jasho lililonitoka siku ile! Nilichomoa betri, nikachomoa kadi, nikachomeka kadi nyingine ya kawaida, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Nikapiga shughuli nzima bila Magic Lantern, na babu wa safari hii, namshukuru Mungu, alikuwa mzee wa kufoka.

Tangu hapo nina kadi tatu nilizozipaka rangi ya kucha nyekundu. Nikizifomati nazifomati ndani ya kamera, kwa lile chaguo linaloiacha programu ibaki. Na mjomba, shangazi, jirani, yeyote anayekuja kuazima kadi "ya kuhamishia nyimbo mara moja tu", naapa sina.