Damu inakwenda wapi?

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hivi, kukaa hakuna. Magunia yanashushwa, mkulima anataka auone uzito kwa macho yake, stakabadhi ziandikwe, na foleni haimvumilii karani anayekimbilia chooni kila saa. Karani huyo nilikuwa mimi. Tangu nijifungue mtoto wa tatu hedhi ilikuja na mabonge, wiki nzima na zaidi, na kanga nyeusi ikawa sare yangu. Nilipopimwa wingi wa damu nikakutwa na 8, na mwanamke asiye na mimba hatakiwi kushuka chini ya 12. Nikimeza vidonge vya kuongeza damu inapanda, mwezi ukiandama inamwagika yote.

Kitanzi cha shaba, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya kizazi, nilikuwa nakijua, ndicho walichonacho wanawake wengi ninaowafahamu. Hakina homoni, kinakaa miaka 10 hata 12, ila kinaweza kuzidisha hedhi na msokoto wa tumbo. Kwangu hakikufaa. Daktari alinipiga utrasaundi kwanza, akaona kizazi hakina uvimbe uliokiharibu umbo, ndipo akanitajia kitanzi cha homoni. Ni kijiplastiki chenye umbo la herufi T, na shina lake limebeba miligramu 52 za homoni iitwayo levonogestreli inayovuja kidogo kidogo, mwanzoni kama maikrogramu 20 kwa siku. Alikibuni daktari Mfini, Tapani Luukkainen, na huko Ufini ndiko kilikoanza kutumika mwaka 1990. Zahanati yetu haikuwa nacho, nikakifuata Mtwara mjini.

Anayekwambia hakiumi, muulize kama kiliwekwa kwake. Kupima kina cha kizazi kulinitoa jasho, kisha mkazo mmoja mkali, kisha nesi akasema, “Tayari dada, pumzika.” Nilipanda basi la kurudi siku hiyohiyo.

Miezi ya mwanzo ilinichosha kuliko siku yenyewe. Matone leo, kesho hakuna, keshokutwa tena. Chunusi zilinitoka kidevuni kama msichana. Hapa ndipo wengi wanaporudi kukitoa, na siwalaumu, lakini nilikuwa nimeshaambiwa kwamba vurugu hiyo huchukua miezi mitatu hadi sita. Baadaye ikapungua, ikawa doa, halafu ikakatika kabisa. Si kila mtu hufika huko. Mwaka wa kwanza ukiisha, kama mmoja kati ya watano haoni siku zake, wengine wanaona kidogo tu.

Hedhi ilipokatika, shangazi akasikia. Yeye ni kungwi, ameshacheza wanawali wengi mno, na suala la damu kwake halina mzaha. Akaniita uani.

“Mwanangu, isipotoka inakwenda wapi? Si inakurundikia tumboni ije ikutie uvimbe?”

Swali hilo nimeshaulizwa pia sokoni na kwenye mizani, ndiyo maana naandika. Nilimjibu kwa lugha yake: shangazi, kila mwezi kizazi hutandika kitanda kumngoja mgeni, na mgeni asipokuja tandiko hutupwa nje, hiyo ndiyo hedhi. Dawa hii inalifanya tandiko liwe jembamba sana. Hakuna cha kutupa, basi hakuna kilichorundikana. Na ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito, mbegu za baba hazipiti kirahisi. Kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia kwa mwaka, wanaoshika mimba ni kama wawili. Kikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi upesi.

Akanyamaza kidogo, akauliza, “Na mume haguswi?” Ameguswa. Alilalamika kuhusu nyuzi za kitanzi zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi, nikarudi zikakatwa fupi, ugomvi ukaisha.

Sikumficha mabaya yake. Kinaweza kuchomoka chenyewe, hasa mwaka wa kwanza, na mara chache sana hutoboa kizazi wakati wa kuwekwa. Vifuko vya maji hujitokeza kwenye ovari, vingi huisha vyenyewe. Ukishika mimba kikiwa ndani, ambayo ni nadra, kuna hatari iwe nje ya kizazi, kwa hiyo maumivu makali upande mmoja si ya kungoja asubuhi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti hawekewi. Na hakizuii Ukimwi wala kisonono, kondomu ina kazi yake.

Damu yangu sasa imepita 12. Msimu uliopita nilisimama kwenye mizani na gauni la njano, wenzangu wakadhani nina sherehe.

Kwa kuzuia mimba kinafanya kazi hadi miaka 8. Kadi yangu imeandikwa miaka 5 kwa sababu nilikiweka kwa ajili ya hedhi nzito, kwa hiyo nitakibadilisha mapema kuliko wanaokitumia kuzuia mimba tu. Shangazi ameshaniomba jina la idara nilikokwenda. Anasema ni kwa ajili ya mtu mwingine.