Simu ikakwama, mjomba akaokota tunda

Jumamosi nilipanda boti Kibirizi hapa Kigoma nikaenda Mtanga kwa mjomba, kile kijiji kinachopakana na hifadhi ya Gombe upande wa kusini, nia yangu nipige picha mimea ya pale msituni juu ya ziwa halafu ile programu ya simu inambie majina. Weee! Mti wa kwanza tu, umepukutisha majani yote si unajua Julai hii, simu ikazunguka ikazunguka ikaniletea mti wa Ulaya huko. Mjomba hata hakuangalia juu, akaokota chini tunda bapa la duara, kama yai la kukaanga vile ila kiini chake kina miiba miiba, akasema mninga huo, kama huamini kwangua gome. Nikakwangua kidogo, utomvu mwekundu kama damu.

Kumbe mi nilikua natafuta maua tu. "Ua utalikuta wiki mbili kwa mwaka, we miezi mingine utaujuaje mti?" Basi yeye anageuza jani, anavunja kikonyo, ananusa. Mfano mkuyu na mabungo vyote ukivunja vinatoa maziwa meupe, nikadhani ndo yale yale, akanionyesha majani ya mabungo yanakaa mawili mawili yanatazamana, ya mkuyu yanapishana moja moja, afu mabungo yenyewe ni mtambaazi umekwea mti wa watu. Sijawahi kuangalia hicho kitu maisha yangu yote na juisi ya mabungo nimekunywa tangu mtoto.

Tukakuta na mtugutu, akanitafunisha jani, uchungu ule acha tu, mpaka masikio yalisikia. Watongwe, wenyeji wa kule hifadhi ya Mahale, wanauita mjonso, dawa yao ya minyoo na homa, na mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alimuona sokwe jike mgonjwa anamenya shina lake anafyonza maji yake, kesho yake kachangamka. Mi nilitema.

Wakati wa kurudi mjomba katangulia, nikaona maganda ya kahawia yana manyoya laini kama velveti yananing'inia njiani, mazuri kweli, nikayashika niyaweke vizuri kwenye picha. Safari hii mtandao ukakubali na programu ikapatia mara moja: upupu. Nilikua nasoma huku najikuna mpaka kwapani.